Kompyuta Zilizoletwa Skuli: Ziwekwe Wapi, Nani Ashike Ufunguo, na Sharia Inasemaje



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Swahaba zake wote.

Si jambo geni tena visiwani kwetu kusikia kwamba ndugu waliopo Uingereza, Canada au nchi za Ghuba wamechangishana na kutuma kompyuta kwa skuli au madrasa waliyosomea. Siku mzigo unapotoka bandarini huwa ni furaha na dua. Baada ya hapo kamati hukaa kikao, na hapo ndipo masuali yanapoanza. Ziwekwe chumba gani? Nani azitumie? Watoto wa kike waingie saa ngapi? Intaneti iwepo au isiwepo? Na zikiharibika, inajuzu kuziuza ilhali watu wamezitoa kwa ajili ya Allah? Masuali haya hutufikia mara kwa mara, na mara nyingi hufika yamechelewa, watu wakiwa wameshagombana na kununiana msikitini. Tumeona bora tuyaeleze pamoja, ya sharia na ya kawaida, kwa sababu katika jambo hili yamefungamana.

Niseme kwanza nililoliona mwenyewe. Nilipokuwa nikisomesha skuli moja ya shamba, tuliletewa kompyuta kumi na mbili. Tulizipa chumba kizuri kuliko vyote, tukatia nondo madirishani na kufuli mbili mlangoni, na ufunguo akapewa maalim mmoja aliyekuwa akijua kuzitumia. Mwaka wa kwanza watoto waliingia mara chache. Mwaka wa pili yule maalim akahamishwa. Ufunguo ukabaki kwa mkuu wa skuli, naye kwa kuogopa lawama akawa haufungui mlango ila anapokuja mgeni. Tulipokuja kuufungua kwa kazi, panya walikuwa wamezaa ndani ya mashine tatu, na nyengine zimeshaliwa na kutu. Hapakuwa na mwizi aliyeingia. Tuliziharibu sisi wenyewe kwa kuzilinda, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosema kwenye kikao kwamba kufuli moja haitoshi.

Ndiyo maana nasema suali la kwanza si chumba gani. Suali la kwanza ni: tunataka mtoto afanye nini nazo?

Hesabu kabla ya kikao

Chukueni karatasi. Tuseme skuli ina wanafunzi 600 na imepata kompyuta 20. Wakikaa wawili wawili, kipindi kimoja kinaingiza watoto 40. Kwa hiyo watoto wote wanakuwa makundi 15. Ikiwa kila kundi litapata kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki, na mwaka una wiki 36 za masomo ya kweli ukitoa mitihani na mapumziko, kila mtoto atakaa mbele ya kompyuta saa 24 kwa mwaka mzima. Lakini wapo wawili, na kibodi ni moja. Basi saa zake mwenyewe ni 12. Na hapo umeme haujakatika hata siku moja, wala maalim hajaumwa.

Saa 12 kwa mwaka zinatosha kumfundisha mtoto kuandika barua, kutengeneza jadweli na kutafuta maana ya neno. Hazitoshi kumfanya afaulu hisabati. Mzee anayetarajia kwamba kompyuta zikiingia tu matokeo ya Kidato cha Pili yatapanda, atavunjika moyo, kisha atasema kompyuta ni balaa. Kosa litakuwa la matarajio yake.

Wenzetu wameshalijaribu jambo hili kwa kiwango ambacho sisi hatutakifikia. Serikali ya Peru iligawa laptopu ndogo zaidi ya 800,000 kwa watoto wa skuli chini ya mradi uliojulikana ulimwenguni kama One Laptop per Child. Mwaka 2012 watafiti wa benki ya maendeleo ya nchi za Amerika walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha skuli 319 za vijijini. Watoto walikuwa na kompyuta zaidi ya moja kwa kila mmoja, lakini katika mitihani ya hisabati na lugha hawakuwapita wenzao waliokuwa hawakupewa. Mashine zilifika, lakini ufundishaji ulibaki ulivyokuwa.

Ipo na habari ya upande wa pili. Huko Delhi, India, watoto wa skuli waliochaguliwa kwa kura walipelekwa baada ya skuli kwenye vituo vyenye programu inayompima kila mtoto alipo na kumuanzishia hapo hapo. Aliyekuwa nyuma kwa madarasa matatu alirudishwa nyuma madarasa matatu, bila ya kuonewa haya. Kwa muda wa miezi minne na nusu tu waliwatangulia wenzao kwa hisabati na kwa Kihindi pia, na utafiti huo ulichapishwa mwaka 2019. Mashine ni zile zile. Tofauti ni kwamba huku ilikuwepo kazi maalumu, yenye saa zake, na msimamizi wa kuifuatilia.

Anayejua namna chuo cha Qur-aan cha zamani kilivyokuwa kikienda hatoshangaa. Maalim hakuwapa watoto wote sura moja siku moja. Huyu yuko alifu kwa kijiti, yule yuko juzuu ya amma, mwengine anakaribia kukhitimu, na kila mmoja anasikilizwa kwa zamu alipofika. Kompyuta ikitumiwa hivyo inafaa.

Sasa, ziwekwe wapi

Kawaida yetu ni kuzijaza zote katika chumba kimoja na kukiita chumba cha kompyuta. Faida yake ni ulinzi, na waya zinakuwa mahala pamoja. Hasara yake ni kwamba kompyuta inakuwa somo la peke yake, kitu cha kwenda kukitembelea, na maalim wa jografia au wa fiqhi hahisi kwamba inamhusu.

Rai yangu, na wengine wanaweza kuona vyenginevyo, ni kuzigawa. Mbili au tatu za mwanzo ziende chumba cha walimu, na ziwe wazi siku zote. Najua wazazi husema walimu watajichukulia neema ya watoto. Lakini mwalimu asiyeweza kuandika mtihani wake kwa kompyuta hawezi kumsomesha mtoto kuitumia, na mwalimu anayeiogopa ndiye atakayeufunga mlango kwa kufuli mbili. Muda wa miezi mitatu ya mwanzo uwe wao. Baada ya hapo hakuna wa kusema hajui.

Moja, laptopu ikiwezekana, iwe na projekta ya kuhama darasa hadi darasa. Kwa darasa la watoto 50 kuonyeshwa mara moja namna moyo unavyosukuma damu, au namna mwezi unavyozunguka hata ukawa mwandamo, mashine hii moja inafanya kazi kubwa kuliko kumi zilizofungiwa. Zilizobaki ndizo ziingie chumba chao.

Chumba hicho meza zake zipangwe kuzunguka ukuta, na vioo vya kompyuta vitazame katikati. Hivi maalim akisimama pahala pamoja anaviona vyote. Zikipangwa mistari mistari kama darasa la kawaida, anachokiona yeye ni migongo ya mashine na nyuso za watoto, na hajui kila mmoja anatazama nini. Mlango uwe na kioo, au dirisha la kutazamia liwe usawa wa macho ya mtu mzima anayepita barazani. Hili lina faida ya kisharia nitakayoieleza mbele. Meza za watoto wa darasa la kwanza hadi la nne ziwe chini. Nimeona watoto wakiandika wamesimama kwa sababu waliopima meza walijipima wenyewe.

Usichague chumba kinachoelekea bahari, hata kama ndicho chenye upepo mzuri. Hewa ya chumvi inakula madini ya ndani ya mashine polepole, na skuli zetu nyingi za pwani ziko hatua chache tu kutoka ufukweni. Wakati wa masika unyevu huongezeka na mashine isiyowashwa ndiyo inayoharibika haraka, maana inapowaka hujipasha moto na kujikausha. Kuitumia ndiyo kuitunza. Bati tupu bila ya dari nalo linatesa. Mchana wa Januari chumba kinakuwa tanuri. Na chumba kiwe kavu juu pia, msikiweke chini ya tangi la maji.

Umeme

Wenye umri wanakumbuka. Mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme wa gridi, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 ilikaa karibu miezi mitatu, kwa hitilafu ya njia moja tu iliyokuwa ikituletea umeme wakati huo kutoka Bara chini ya bahari. Pemba nayo hadi mwaka 2010, kabla haijavutiwa waya kutoka Tanga, ilikuwa ikitegemea majenereta ya dizeli. Hali sasa ni bora, alhamdulillah, lakini umeme bado hupanda na kushuka, na kinachoua kompyuta ni kule kurudi kwa ghafla kuliko kukatika. Stabilaiza si pambo. Kama pesa haitoshi kununulia kila mashine, punguzeni idadi ya mashine mnazoziwasha.

Hapa pia kuna hesabu ambayo kamati nyingi hazipigi kabla ya kupokea zawadi. Kompyuta kubwa ya mezani ya zamani hula takriban wati 150 pamoja na kioo chake. Ishirini ni kilowati 3. Zikiwashwa saa tano kwa siku ni yuniti 15 kila siku, na nani atakayeweka TUKUZA? Laptopu ishirini za wati 40 kila moja zinakula yuniti 4 kwa muda huo huo, na zina betri ndani, umeme ukikatika kipindi kinaendelea. Kwa hiyo wafadhili wakiuliza wapeleke nini, jibu liwe laptopu kumi nzuri kuliko kompyuta ishirini za mezani. Si utovu wa adabu kumwambia mtoaji mnachokihitaji. Sadaka inayofaa ni ile inayomfaa anayepewa.

Watoto wa kike, khalwa na intaneti

Skuli zetu nyingi zina mikondo miwili, na mtoto anayesoma skuli asubuhi jioni yuko chuoni. Kamati zikiona ratiba imejaa husema kompyuta zitumiwe baada ya masomo, kwa anayetaka. Inaonekana ni haki kwa wote. Lakini tazameni nani anayebaki baada ya masomo. Wavulana. Mtoto wa kike anatakiwa nyumbani, kuna maji ya kuteka, mdogo wake wa kumuangalia na chakula cha jioni. Mwisho wa mwaka utakuta wavulana wanajua na wasichana hawajui, na hakuna aliyewakataza. Kutafuta elimu ni wajibu wa Muislamu mwanamume na mwanamke, na walii wa mtoto wa kike ataulizwa juu yake kama atakavyoulizwa juu ya kaka yake. Basi vipindi vya kompyuta viwe ndani ya ratiba ya skuli, na siku zigawanywe: wasichana siku zao, wavulana siku zao, kwa idadi sawa. Hili linaondoa na ule msongamano wa bega kwa bega mbele ya kioo kimoja ambao wazazi wanaulalamikia, nao wana haki ya kuulalamikia.

Ama khalwa, yaani mwanamume kujitenga faragha na mwanamke asiyekuwa maharimu wake, hilo limekatazwa na Mtume (S.A.W.), na chumba cha kompyuta kisiwe mlango wa kulisahau. Maalim asibaki na msichana mmoja chumbani kwa hoja ya kumalizia kazi. Mlango wenye kioo niliousema unasaidia hapa, na yupo bibi maalim katika kila skuli anayeweza kusimamia siku za wasichana akifundishwa.

Kuhusu intaneti watu wamegawanyika, na nimesikia maneno makali ya pande zote mbili. Kanuni ya wanavyuoni wetu ni kwamba njia zinachukua hukumu ya makusudio yake. Kompyuta haina hukumu yake yenyewe. Inayopeleka kwenye kheri ni kheri na inayopeleka kwenye haramu ni haramu. Na ipo kanuni ya kuziba njia za ufisadi: jambo la halali likiwa kwa kawaida linapeleka kwenye haramu, linazibwa. Intaneti iliyo wazi kabisa mbele ya mtoto wa miaka kumi, bila ya msimamizi, kwa maoni yetu inaingia humo.

Lakini kuna njia ya tatu ambayo wengi hawaijui. Siku hizi inawezekana kuwa na maktaba nzima ndani ya kompyuta moja ndogo, bila ya intaneti. Programu ya Kiwix inahifadhi Wikipedia nzima, ya Kiswahili na ya lugha nyengine, ikasomwa bila ya mtandao. Kolibri nayo inabeba masomo ya hisabati na sayansi pamoja na mazoezi yake. Zote ni za bure na halali. Fundi huzipakua mara moja mjini, akazitia katika sava ndogo isiyozidi kitabu kwa ukubwa, na kompyuta zote za chumba zikasoma kutoka humo. Mtoto anatafuta, anasoma, anakosea na kurudia, na hakuna picha chafu wala mgeni wa kumuandikia ujumbe. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaohitaji intaneti kwa fomu na matokeo waipate kwenye mashine moja au mbili za chumba cha walimu, mbele ya mtu mzima.

Mzazi anayepinga hata hili huku mwanawe ana simu mfukoni yenye bando, na hamuulizi anatazama nini saa sita za usiku, kwa kweli simfahamu.

Qur-aan ndani ya kompyuta

Madrasa nyingi zinataka kutumia kompyuta kusikilizishia tajwidi. Ni jambo zuri. Suali linaloulizwa sana ni la udhu. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wanasema kwamba kioo kinachoonyesha aya si mus-haf, kwani ni mwangaza unaotokea na kuondoka, kwa hiyo kukigusa hakuhitaji udhu. Na hata katika mus-haf wenyewe, wanavyuoni wa madh-hab yetu ya Shafi'i wamesema kwamba mtoto mwenye kupambanua hazuiliwi kuugusa, wala kuugusa ubao wake, akiwa anajifunza, kwa uzito wa kumtaka awe na udhu kila saa. Basi wasiwasi usimkoseshe mtoto darsa, ingawa kumzoesha udhu ni adabu njema.

La kuchunga zaidi ni usahihi wa maandishi. Zipo programu za Qur-aan zenye makosa ya irabu, na nyengine hutoa matangazo katikati ya sura. Matini ya Tanzil, mradi ulioanza mwaka 2007 kwa ajili ya kuhakiki maandishi ya Qur-aan ya kompyuta, ni miongoni mwa zinazotegemewa. Maalim aikague kabla ya watoto kufunguliwa. Na sauti isiwe badala ya maalim: mtoto akimfuata msomaji wa kwenye kompyuta hakuna wa kumwambia kwamba dhwadi yake imekuwa dhali.

Wakfu au sadaka?

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtoaji anapotuma kompyuta hupenda kuandika kwenye boksi: "wakfu kwa madrasa fulani". Nia ni njema. Lakini wakfu una hukumu zake. Asili yake ni ile ardhi ya Khaybar aliyoipata Sayyidna Umar (R.A.), alipomuuliza Mtume (S.A.W.) afanye nini nayo akaelekezwa aizuie asili yake, isiuzwe wala isirithiwe, na mazao yake yatolewe sadaka. Ndiyo maana mali ya wakfu haiuzwi. Kitu kinachohamishika pia hufaa kuwekwa wakfu maadamu kinanufaisha na hali kimebaki, kwa hiyo kompyuta inafaa. Ila ardhi ya Khaybar haichakai, na kompyuta baada ya miaka saba ni mzigo. Na katika madh-hab ya Shafi'i, mtu akiweka wakfu kwa sharti kwamba ataweza kuuza akitaka, wakfu wenyewe haukusihi. Kwa hiyo huwezi kuuandika wakfu na kujiwekea mlango wa kutokea.

Zikishawekwa wakfu na zikafa kabisa, kuna nini? Wanavyuoni walilizungumza jambo la mfano huu karne nyingi kabla ya kompyuta, katika mikeka ya msikiti. Imam Nawawi katika Minhaj ametaja kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu kuuza mikeka ya msikiti ikichakaa, na maboriti yake yakivunjika, yakiwa hayafai tena ila kwa kuchomwa; na thamani yake inarudi katika maslahi ya msikiti. Kompyuta iliyokufa isiyotengenezeka inalingana na mkeka huo. Inauzwa kwa fundi wa vipuri, na pesa inarudi kwenye kompyuta za madrasa, si kwenye sherehe ya Maulidi wala kwenye posho ya kamati. Lakini iliyo mbovu kidogo na inatengenezeka, au iliyo nzima ila imepitwa na wakati, haiingii katika ruhusa hiyo.

Njia nyepesi wameitaja wanavyuoni hao hao: kilichonunuliwa au kutolewa kikawa milki ya msikiti, bila ya kuwekwa wakfu, msimamizi anaweza kukiuza na kukibadilisha panapokuwa na maslahi. Basi nasaha yetu kwa wanaotuma: andikeni "sadaka kwa madrasa fulani, iwe milki yake", na kamati iipokee kwa maandishi. Thawabu hazipungui, na mikono ya kamati haifungwi. Anayetaka thawabu za wakfu aweke wakfu kitu kinachodumu, mfano kijiduka kando ya barabara ambacho kodi yake inalipia umeme na fundi, na akiandikishe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kompyuta hupata watoaji wengi. Umeme wa kuziwasha haumpati mtoaji hata mmoja.

Na zilizokwisha kuwekwa wakfu zichungwe sharti la mwenyewe. Aliyesema ni za watoto wa madrasa, katibu wa kamati hawezi kuichukua moja nyumbani "kwa kazi za ofisi". Akiichukua, ni dhamana juu yake mpaka airudishe.

Zana kuukuu na programu za kunakili

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake ni kwamba maofisi mengi Ulaya yanatoa kompyuta zao za zamani hivi sasa, na nyengine zitakuja kwetu kwa jina la msaada. Zipo nzuri ndani yake. Zipo na taka, ambazo huko kwao kuzitupa kunalipiwa. Kamati inayo haki ya kukataa. Asili katika dini yetu ni kutodhuru wala kudhuriana, na lundo la vioo vyenye risasi na zebaki nyuma ya madrasa ni madhara kwa watoto wanaochezea hapo. Ulizeni kabla: zimejaribiwa? Zina umri gani? Na diski zake zimefutwa? Hili la mwisho ni muhimu, maana kompyuta ya ofisini huja na kila alichokihifadhi mwenyewe, na wapo watoto walioyaona yasiyofaa kuonekana kabla ya maalim hajajua.

Kisha kuna programu. Fundi wa mtaani atakuwekea Windows na Office za kunakili kwa shilingi chache, na wote tunajua. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na jina la biashara ni haki zenye kuhifadhiwa kisharia, na haijuzu kuzivamia. Madrasa inayofundisha amana isianze kwa kitu cha kuiba. Wala hakuna dharura hapa ya kuhalalisha, kwa sababu Linux na LibreOffice zipo, ni za bure kwa ridhaa ya wenyewe, na huenda vizuri katika mashine kuukuu kuliko hiyo Windows ya kunakili iliyojaa virusi. Mtoto aliyejifunza kuandika kwa LibreOffice hatapotea akikutana na Word.

Zaka

Wengine wanauliza kama wanaweza kutoa zaka yao kununulia kompyuta. Katika madh-hab yetu zaka ni ya watu wa makundi manane, na fungu la fii sabiilillah wanavyuoni wa Shafi'i wamelifasiri kuwa ni wapiganaji wa kujitolea, si ujenzi wala vifaa. Wapo wanavyuoni wa zama hizi waliolipanua likaingia elimu ya dini, nasi hatuwalaumu wanaowafuata. Lakini katika vijiji vyetu mafakiri na masikini bado wapo wanaohesabika mlango kwa mlango. Zaka iwafikie wao kwanza. Mzazi fakiri aliyepewa zaka yake mkononi, akaamua mwenyewe kumlipia mwanawe ada ya masomo ya kompyuta, hapo hakuna khilafu.

Wa Allahu a'lam.